Kufunga maji ya kampa kabla ya baridi kali

Aliyekulia nyumba inayouza barafu za mifuko anaujua mkasa huu tangu utotoni. Chupa ya soda ikisahaulika kwenye friza usiku kucha, asubuhi unaikuta imepasuka shingo, vioo vimetapakaa juu ya samaki, na mama anauliza nani kaiweka. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na yakibanwa hayaulizi kilichoyabana ni kioo, plastiki au shaba.

Sasa sisi tunaoishi jimbo la Minnesota, Marekani, na tumejinunulia kampa, yaani lile trela la kulalia lenye jiko, choo na bafu lake, tuna chupa ya soda ya futi 25 iliyoegeshwa uani, na friza ni ua wenyewe. Januari hapa nyuzi -20 za Selsiasi si habari ya kumpigia mtu simu. Kule Tower, kaskazini mwa jimbo, tarehe 2 Februari 1996 kipimo kilishuka hadi -51.

Vuli iliyopita shemeji yangu alinipigia. "Shemeji, kipimo cha tangi kinasoma sifuri. Nimemaliza, siyo?"

"Hujaanza, shemeji."

Tangi kubwa likibakiwa na maji kidogo halina neno, maana yana nafasi ya kutanukia. Vinavyopasuka ni vitu usivyoviona: kichwa cha pampu chini ya kitanda, kiungo cha plastiki nyuma ya choo, kipande cha bomba kinachokwenda shawa ya nje. Kikombe kimoja cha chai kilichobaki mahali pabaya kinatosha. Kazi yote ninayoieleza hapa ni kukisaka hicho kikombe.

Mimi hufunga kabla ya katikati ya Oktoba, majani yakiwa bado yana rangi mitini. Baridi inayogusa sifuri alfajiri na kuondoka jua likichomoza mara nyingi haivunji kitu, ila mpira wa maji ulioachwa nje na shawa ya nje ndivyo huumia kwanza. Mara ya kwanza tenga nusu siku. Ukishazoea, ni kazi ya saa moja na nusu pamoja na kahawa.

Vifaa, na dumu la kuchunguza vizuri

Tafuta tochi, ndoo, bisibisi, glavu, ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, na soketi inayoingia kwenye kizibo cha hita yako ya maji. Hita za kampuni ya Suburban huchukua soketi ya inchi 1 na 1/16. Ya milimita 27 nayo inaingia bila shida. Kompresa ndogo ya upepo ukiwa nayo ni nzuri, usipokuwa nayo kazi bado inafanyika.

Halafu nunua galoni 3, kama lita 11, za dawa ya pinki, yaani ile inayokaa kwenye mabomba badala ya maji yasipasuke kwa baridi. Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo mtu anaweza kufanya kosa la kumdhuru mtu.

Dukani madumu hupangwa jirani jirani. Mtu aliyezoea magari ataliona la kijani au la rangi ya chungwa na kusema, si kulanti hii, naijua. Iache. Dawa nyingi za radieta hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni sumu. Ina utamu, kwa hiyo mbwa na mtoto huilamba kwa hiari yao, na huharibu figo. Haitakiwi kugusa bomba la maji ya kunywa hata siku moja. Unayoitaka ni ya pinki, iliyoandikwa kuwa ni ya kampa na boti, na ndani yake ni propilini glikoli. Ligeuze dumu usome nyuma. Ukikuta ethanoli imetajwa kwanza, lirudishe rafuni hata kama bei yake imekuchekea: hiyo ni pombe, inawaka moto, na inakausha mipira ya koki na ya choo.

Juu ya lebo utaona -50. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, yaani kama -46 za Selsiasi, na maana yake ni kwamba mpaka hapo dawa haipasui bomba. Haina maana kwamba haigandi. Huanza kuwa uji wa barafu mapema zaidi ya hapo, ila uji unasogea, haukakamai kama jiwe. Na namba hiyo ni ya dawa tupu. Ukiitia juu ya lita mbili tatu za maji uliyozembea kuyamwaga, umeshatengeneza dawa nyingine ambayo hakuna lebo inayoisemea. Ndiyo sababu tunamwaga kwanza, tena kwa uchoyo, halafu ndipo tunatia.

Kumwaga

Maji machafu yatangulie, kwenye kituo cha kumwagia, kama kile cha kampi, yaani uwanja wa kuegesha kampa. Tangi la choo kwanza, kisha la sinki na bafu, ili maji yenye sabuni yasuuze mpira uliopitisha uchafu. Suuza tangi la choo mpaka maji yatoke meupe. Kinyesi kilichogandia ndani miezi mitano utakutana nacho Aprili, na hakitakuwa kimesahau. Piga simu kampi kabla hujafunga safari, kwa sababu nyingi huzima maji yao Oktoba.

Nyumbani, fungua koki ya tangi la maji safi iliyo chini ya trela liachie. Wakati linatiririka, nenda kwenye hita.

Hita inataka adabu. Zima umeme wake na gesi yake saa kadhaa kabla, ikiwezekana jana yake, kwa sababu maji yaliyomo yanaweza kufika nyuzi 60 na yamebanwa kwa presha. Hakikisha pampu imezimwa na mpira wa maji ya nje umeondolewa. Ingia ndani ufungue koki ya maji moto mpaka inyamaze. Toka nje, fungua kifuniko cha hita, inua kile kiwiko kidogo cha valvu ya usalama kilicho juu mpaka kisipumue tena. Hapo ndipo uguse kizibo cha chini. Simama pembeni, usisimame mbele. Kizibo kikitoka maji yatafuata kwa kishindo, yana rangi ya chai ya rangi, yamebeba vipande vyeupe vya chokaa kama maganda ya mayai. Ingiza mpira mwembamba usuuze mpaka vipande viishe.

Kama hita yako ina tangi la chuma, kama zile za Suburban, kizibo kitatoka kimeshika ufito mrefu wa madini. Huo ni anodi. Umewekwa makusudi uliwe na kutu badala ya tangi. Ukiwa mpya ni mnene kama kidole gumba na umenyooka. Wangu wa misimu miwili ulitoka mwembamba kama kijiti cha mshikaki, wenye mafundo mafundo, na ncha yake ilikatikia ndani. Ukiwa umeliwa robo tatu, nunua mwingine. Ni dola chache ukilinganisha na hita nzima. Hita za tangi la alumini hazina ufito, na kizibo chake huwa cha plastiki, kwa hiyo wakati wa kukirudisha tumia mkono wa kukamua ndimu, si wa kufunga tairi.

Sasa fungua koki zote ndani, za baridi na za moto. Kanyaga choo. Fungua shawa ya ndani na uning'inize mkono wake chini. Kisha lala chini uangalie tumbo la trela: utaona vibomba viwili vifupi vinavyochungulia, aghalabu kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Hapo ndipo mahali pa chini kabisa pa mabomba ya moto na ya baridi. Fungua vyote viwili. Koki za juu zikiwa wazi hewa inaingia na maji yanashuka. Zikiwa zimefungwa, maji yanang'ang'ania kama kinywaji kwenye mrija ulioziba juu kwa kidole.

Maji yakikatika, washa pampu kwa sekunde 30 iteme iliyonayo, kisha uizime. Toa filta ya maji, itupe, rudisha kikombe chake kikiwa kitupu. Pampu nayo ina kichujio kidogo cha kuona, kimekaa upande maji yanakoingilia. Kifungue kwa mkono, suuza, rudisha. Mara nyingi utakuta vipande vya plastiki vya tangu kiwandani.

Kuizunguka hita

Hita huchukua galoni 6 au 10, yaani lita 23 au 38. Dawa isipoizunguka, yote itaishia humo na mabomba hayataonja kitu. Nyuma ya hita, kwa ndani, kwa kawaida chini ya kitanda au nyuma ya ubao wa kabati, kuna valvu. Kampa nyingi zina tatu: moja kwenye bomba la baridi linaloingia, moja kwenye bomba la moto linalotoka, na moja katikati inayoyaunganisha. Mpini ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikatiza, imefungwa. Funga hizo mbili za pembeni, fungua ya katikati. Basi. Kampa nyingine zina valvu moja tu inayofanya kazi hiyo, na hapo unaigeuza tu.

Piga picha ya valvu kabla hujazigusa. Mwezi wa tano hutakumbuka.

Upepo

Kuna wanaoapa kwa upepo peke yake na wanaoapa kwa dawa peke yake. Kwa baridi ya huku mimi nafanya vyote, upepo kwanza, kwa sababu unapunguza maji ya kuizimua dawa. Funga vile vibomba vya chini na koki zote. Kile kiungo kidogo chenye valvu kama ya tairi unakikaza pale unapochomekea mpira wa maji ya kampi. Weka kompresa psi 40, usizidishe; bomba lingeweza kustahimili zaidi, viungo ndivyo visivyopenda. Fungua koki moja kwa wakati mmoja, ipige chafya mpaka itoke hewa kavu, ifunge, nenda nyingine. Hakikisha hakuna wakati upepo unaingia na koki zote zimefungwa. Ukiwa na mtoto mkubwa, msimamishe kwenye kompresa na wewe uwe ndani mnaitana.

Upepo haupiti ndani ya pampu, na hautoi maji yaliyokaa kwenye mkunjo wa bomba chini ya sinki. Hapo pinki haina mbadala.

Kutia pinki

Karibu na pampu tafuta kimrija chenye valvu yake, kimeachwa kinaning'inia. Hicho kinatumbukizwa kwenye dumu. Geuza valvu ili pampu ivute kutoka kwenye dumu isivute kutoka kwenye tangi. Kama kampa yako haina kimrija, kuna seti ya kununua na kufunga mwenyewe, au ufungue bomba linalotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu na kuweka mrija hapo. Usiitie dawa ndani ya tangi la maji safi. Kuna watu hufanya hivyo; galoni nzima inatandaa kule chini bila kufika popote, na ladha yake utaila mpaka Julai.

Vibomba vya chini na koki zote zikiwa zimefungwa, washa pampu. Itanguruma, itavuta, mabomba yatakaza. Anza na koki iliyo karibu zaidi na pampu: baridi kwanza, polepole, mpaka rangi itoke ya pinki iliyokolea, si ile ya maji ya waridi. Funga. Moto. Upande wa moto huchelewa na hukohoa, usikate tamaa. Nenda koki inayofuata. Jikoni, sinki ya bafuni, shawa, na kile kijishawa cha choo kama unacho. Choo kikanyage mpaka bakuli lipate rangi. Jicho moja liwe kwenye dumu. Likikauka pampu inavuta hewa na unaanza upya.

Sasa toka nje. Nakuomba, toka nje. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimefanya yote haya kwa makini, nikanywa chai, nikafunga mlango nikijiona fundi. Ile shawa ya nje, iliyo ndani ya kikasha chenye mlango mdogo ubavuni, sikuikumbuka. Nilikuwa sijaitumia tangu ninunue, kwa nini niikumbuke? Aprili nikafungua maji, ndani kila kitu kikawa sawa, nikafurahi. Baada ya robo saa soksi zangu zililowa. Mwili wa koki ya shawa ya nje ulikuwa umepasuka mstari mwembamba kama unywele, na maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta, yakaingia chini ya sakafu. Koki ilikuwa ya dola chache. Ubao wa sakafu uliofura ndio ulionikalisha wikendi tatu.

Kwa hiyo shawa ya nje, baridi na moto, mpaka pinki imwagike kwenye nyasi. Kama choo au tangi lako lina mpira wa kuliosha kutoka nje, nao ni hivyo hivyo.

Kisha pale unapochomekea mpira wa maji ya kampi. Ndani yake kuna valvu ndogo inayozuia maji kurudi, na nyuma yake hukaa maji ambayo pampu haiyafikii. Zima pampu, fungua koki moja ndani ipunguze presha, ifunge. Ng'oa kichujio cha waya kwa bisibisi, kisha bonyeza kile kidude cha katikati kwa kitu butu, uso ukiwa pembeni. Yatatoka maji, halafu pinki. Ikiwa haikutoka pinki, washa pampu sekunde chache, zima, rudia. Rudisha kichujio na kifuniko.

Mashine ya kufulia na friji inayotengeneza barafu zina njia zao, na kila moja ina kijitabu chake, fuata kijitabu. Usibahatishe hapo.

Mikunjo na matangi

Kila tundu la sinki na la bafu lina mkunjo chini yake unaoshika maji ili harufu isipande. Dawa iliyopita kwenye koki imeshafika humo, lakini imechanganyika. Mimina kikombe kimoja kizima cha dawa safi kila tundu, bafu upatie viwili. Kwenye choo mimina kama lita moja, kanyaga ishuke kwenye tangi ilainishe mpira wa valvu ya kumwagia, kisha acha kidogo ndani ya bakuli mpira wa choo usikauke. Funga valvu za matangi machafu.

Toa kimrija kwenye dumu, geuza valvu ya pampu kama ilivyokuwa, fungua koki moja kushusha presha, halafu ziache koki zote nusu wazi. Betri usiisahau: ya asidi ikiishiwa chaji huganda na kupasuka kama bomba lolote, ikiwa imejaa haigandi kwa baridi hizi. Ijaze, chomoa waya, au iingize gereji.

Kurudisha Mei ni kazi nyepesi. Suuza mpaka pinki na povu lake viishe, rudisha kizibo cha hita kwa tepu mpya, funga vibomba vya chini, kisha tia dawa ya klorini isiyo na manukato, ile tuliyozoea kuiita Jik, robo kikombe kwa kila galoni 15, yaani mililita 60 kwa lita 57. Ipitishe kwenye kila koki mpaka uisikie harufu, iache ilale usiku mmoja, suuza tena. Hita irudishe njia yake ukishamaliza kutoa pinki, siyo kabla.

Kabla ya kufunga mlango leo, chukua kipande cha tepu ya karatasi, andika kwa kalamu nene HITA TUPU, USIWASHE, ubandike juu ya swichi ya hita yenyewe. Andika kwa Kiingereza pia kama kuna rafiki anayeweza kuiazima kampa kabla yako. Waya wa umeme ndani ya hita isiyo na maji huungua kwa muda mfupi kuliko unaotumia kutafuta swichi ya taa. Kizibo chenye ufito nakitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga kwenye mpini wa mlango, ili asiingie mtu Mei bila kukisukuma kwa mkono.